Mistari Nane Wazi

Ile text nliiandika nikiwa kwa mat ya Umoja, jam imeshika Jogoo Road hadi kondaa ameshuka kununua njugu, na nliifuta kaa mara sita kabla niitumie msanii mmoja mkubwa. Ilikuwa inasema hivi: "Niaje mkubwa. Mi ni fani yako tangu kitambo. Niko na kipaji mbaya sana, naomba tufanye kolabo. Tutaua. Mungu akubariki." Nikabandika vimoto vitatu na mikono ya maombi.

Bluutiki ilikam baada ya siku mbili. Jibu bado, na hii ni story ya miaka minne imepita.

Enyewe kwa muda mrefu nliamini huyo msee ni madharau. Nikachapia mbogi yote pale base: wasee wakishaomoka husahau mtaa, wakahamia Kilimani wakaanza kunywa maji ya chupa. Mbogi ikakubali bila maswali, juu hio ni story kila msee amesota hupenda kuskia. Halafu siku moja tukapatana naye ana kwa ana. Ilikuwa shoo flani Westi, nyuma ya steji, mi nimebebea DJ beshte yangu waya ndo baunsa aniachilie. Nikajipanga, nikameza mate, nikamwambia niaje mkubwa, mi ni msanii, nataka kolabo. Akanicheki poa tu, hakunikunjia sura. Akauliza, "Fiti. Unataka nifanye nini?"

Manze, nikakosa jibu.

Nikasema "si unajua... ngoma." Akauliza ngoma iko wapi. Simu yangu ilikuwa imezima chaji, na hata ingekuwa inawaka, ndani kulikuwa na biti tatu za YouTube na mistari nusu nimeandika kwa ile app ya noti, katikati ya listi ya shopping. Akanigonga bega, akasema nikiwa nayo nimcheki, akaenda kupanda steji. Fani zake wakapiga nduru. Mi nikabaki na waya.

Msee aliniuliza swali la kazi. Mi nlikuwa nimembebea njaa tu.

Mwaka uliofuata nikapata kibarua kwa studio moja ya Buru. Kazi yangu ilikuwa kukunja nyaya, kutuma Em-Pesa ya chapo, na kukaa na simu za wasanii wakiingia kurekodi. Siku moja madam flani, mwimbaji mnajua, akanipea simu yake akanichapia nimsomee inboksi nikiona kitu ya maana, juu alikuwa anangoja simu ya promota. Hapo ndo nlicheki upande ule mwingine wa mambo. Text kwa text, kaa foleni ya Huduma Centre. "Niaje siste nisaidie." "Naomba unishike mkono." "Mi ni andagraundi kutoka Kayole, niko na nyota." Voisi ya dakika nne, msee anahadithia maisha yake tangu klasi sita, hakuna hata sekunde moja ya ngoma ndani. Wengine wametuma linki, ukiifungua inakuambia uombe ruhusa. Ati uombe ruhusa! We ndo unataka kitu, halafu msee ndo abishe hodi kwako.

Na hizo ndo zilikuwa na heshima. Karibu nusu ya zile zingine zilikuwa za mandume wanamkatia wakijificha nyuma ya kolabo. "Sasa mrembo, tukutane tuongelee mradi." Mradi gani? Hakuna. Dem akinyamaza anaambiwa ameringa. Kwa hivyo kama unatextia msanii dem, bro, nakuomba: mwite kwa jina lake la kazi, taja ngoma yako kwa sentensi ya kwanza, na ukitaka mkutane, sema studio gani na saa ngapi ya mchana. "Babes" iache kwenu.

Nlisoma kitu kaa text hamsini siku hio. Nlimwonyesha moja tu. Ilikuwa na sentensi tatu na faili. Dogo alisema: hii ni ngoma yangu, dakika mbili na nusu, nimeimba vesi zote mbili na korasi, kuanzia 1:20 nimeacha mistari nane wazi juu nasikia sauti yako pale chini chini, kaa ile ulitumia kwa ngoma flani ya zamani. Akaitaja hio ngoma, na haikuwa ile hit kila mtu anajua. Ilikuwa moja ya nyuma ya albamu. Madam akavua hedifoni, akaskiza yote, akarudia kuanzia 1:20. Akaanza kuhamu hapo hapo kwa kiti. Produsa akamcheki, akacheka, akafungua maiki.

Mi si mchawi na sijui kaa dogo alikuwa ameplan. Lakini nliona vile shimo hufanya kazi. Mwanamuziki ukimpea mistari nane tupu, na biti inatembea, na kabla na baada kuna watu wanaimba poa, mdomo wake unaanza kujaza bila kuambiwa. Ni kaa kukalia kiti cha kinyozi: kichwa inainama yenyewe. Ukimpea biti peke yake, hio ni homuwaki. Aandike, atunge korasi, atafute mada, na jina litoke lenu wote wawili. Nani yuko na hio taimu? Na ukimpea ngoma imejaa kila mahali, sauti juu ya sauti hadi mwisho, unamuuliza akae wapi? Hakuna nafasi ya tako.

Kwa hivyo kabla ujue unamwendea nani, maliza ngoma. Namaanisha kumaliza: vesi zako ziko, korasi iko, mwanzo hausumbui. Mkubwa anaskiza sekunde ishirini za kwanza, kaa bado unapiga kelele za "yo yo maiki cheki" ameshahepa. Pale kwa shimo acha biti peke yake, ama uimbe na "na na na" kumwonyesha melodi yenye unaskia, lakini kwa sauti ya chini ndo asijihisi umemchorea mstari. Andika tempo na ki ya ngoma kwa jina la faili. Hizo faili za "final final 3 ya ukweli" zinachoma picha. Na linki iwe wazi. Jaribu kuifungua kwa simu ya siste yako kabla utume.

Halafu uliza kitu ndogo. Hapa ndo wengi huanguka, na mi nlikuwa mbele yao. "Tufanye kolabo" ni kitu kubwa kaa nyumba. Inamaanisha studio, video, posta, mahojiano, pesa, mabishano. Msee hawezi kusema ndio kwa kitu haoni mwisho wake. Lakini "niko Buru Alhamisi kuanzia saa nane, studio nimelipia, nahitaji saa moja ya sauti yako" ni kitu mtu anaeza jibu akiwa kwa foleni ya supamaketi. Hata akisema Alhamisi siezi, amejibu. Mnaendelea kutoka hapo.

Kuna wasee watanishukia wakisema hii ni maneno ya wanyonge, ati kolabo hupatikana kwa koneksheni. Sibishi. Lakini cheki koneksheni zenyewe zilitokea wapi. E-Sir wa South C na Nameless walitupea "Boomba Train". Nameless tayari alikuwa na jina tangu "Megarider" ya 1999. Hakuna msee alivamia mwingine barabarani, wote wawili walikuwa wanarekodi Ogopa Deejays. Mlango mmoja, produsa wale wale, kiti kimoja cha kungojea zamu. E-Sir alituacha Machi 2003 kwa ajali ya barabara, albamu yake "Nimefika" ikiwa bado mpya, na hadi wa leo "Boomba Train" ikipigwa kwa mat ya usiku hata dere huongeza sauti. Au chukua "Extravaganza" ya Sauti Sol, 2019. Mle ndani kuna Bensoul, Nviiri the Storyteller, Crystal Asige na Kaskazini. Fani wengi waliuliza hawa ni akina nani wameokotwa wapi. Hawakuokotwa. Walikuwa karibu na hio jikoni kabla kamera ifike, na Sol Generation, lebo ya Sauti Sol, ndo ilikuwa nyumba yao.

Mfano wenye hunibamba zaidi ni "Kuna Kuna". Ngoma ni ya Vic West, na Vic West ni produsa. Mle kuna Fathermoh, kuna Brandy Maina, kuna Thee Exit Band, na kuna Savara wa Sauti Sol. Msee wa biti ndo amekuwa mwenye meza, na wakubwa na wadogo wakakaa pamoja. Kwa hivyo ukiwa unalenga msanii mkubwa, cheki kwanza nani humtengenezea biti, nani humpigia video, DJ wake ni nani, wale wanamdensia ni mbogi ya wapi. Hao wasee wako mtaani. Unaeza wapata Tom Mboya wakinunua chaja. Hawana meneja wa kukuzuia. Na mara mingi wako na taste kushinda boss mwenyewe, juu wao ndo huskia ngoma mia kwa wiki.

Lakini usiwafanye ngazi. Produsa anajuanga haraka ukiwa unamkanyaga ufikie mtu mwingine. Mfanyie kazi yake, mlipe kama mlivyosikizana, na ngoma ikiwa nare ye mwenyewe ndo atasema, "hii mwenye anafaa ni flani, ngoja nimpigie." Hio simu moja ina uzito kushinda text zako mia. Kwangu ilichukua karibu mwaka mzima wa kukunja nyaya kabla niskie hio sentensi. Sikuwa najua kama nitaiskia.

Alafu kuna njia ya nyuma, yenye wasee wa Umoja walitufunza bila kutuambia. Ethic walitoa "Lamba Lolo" 2018 bila jina lolote kubwa ndani. Madogo wanne, mtaa wao, video imepigwa hapo hapo. Ngoma ikashika kila nganya. Baadaye "Figa" yao ilipata rimiksi, na kwa hio rimiksi kuna Konshens wa Jamaica. Sasa jiulize: hao madogo wangeanza kwa kumtextia Konshens kabla "Lamba Lolo", si wangekuwa kwa ile foleni ya Huduma Centre? Rimiksi ni njia poa juu mkubwa anaona tayari watu wanaimba. Ombi linakuwa nyepesi: ngoma inatembea, panda.

Pesa sasa. Hapa watu huona haya, na haya ndo hutuangusha. Kuna wakubwa huitisha chapaa ndo waingie kwa ngoma yako. Hio ni haki yao, koo ni yao na jina ni lao. Uliza mapema, bila kuzunguka: "Mkubwa, vesi yako ni how much, na hio ni pamoja na video ama?" Akitaja bei ikupite, usilie na usimwambie ati yeye pia alianza kwa msoto. Mwambie asante, hio sina saa hii, nitarudi. Kama huna ganji lakini uko na kitu, sema uko na nini. Mi nlikuwa na studio ya bure Jumatatu asubuhi juu nafanya kazi pale. Beshte yangu ni donda wa nganya moja kali ya Rongai, gari iko na grafiti ya kutisha na sauti ya kupasua, na tunaeza pewa siku ya Jumapili kupiga video kabla ianze kazi. Hio ni mali. Mkono mtupu haulambwi, lakini mtaa hauna mkono mtupu ukiucheki vizuri. Kuna msee anashona luku, kuna dem anajua kupaka rangi za uso, kuna mzee wa rooftop yenye inaona tao yote.

Na nauli ya msee, jameni. Ukimwita mtu studio, tuma mafuta ama nauli kabla ainuke kwake. Soo tano inaeza amua kama siku itatokea.

Halafu karatasi. Sipendi kuongelea hii part juu bado inauma. Kuna ngoma nlifanya na produsa fulani, sitamtaja, na tuliongea kila kitu kwa mdomo tukiwa tunakula smokie. Ngoma ikatoka kwa akaunti yake, jina lake mbele, mi nikawa kwa mabano ya mwisho kabisa, na ilipoanza kuingiza kitu akanichapia ati biti ndo ngoma. Singeeza mpeleka mahali. Sikuwa na hata text moja inasema nani ana asilimia ngapi. Wakati huo sikuwa najua kwamba Kenya iko na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kwamba hio sheria inasema ukihamishia mtu hakimiliki yako lazima iwe kwa maandishi na sahihi, maneno ya smokie hayahamishi kitu. Na kazi yako inalindwa tangu siku imerekodiwa ama kuandikwa, si lazima ungoje cheti. Lakini ukitaka ushahidi wenye nguvu, unaisajili kwa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Sasa hivi mi huandika karatasi moja kabla maiki iwake. Nani ametunga maneno, nani melodi, nani biti, kila mtu asilimia zake, jumla mia. Akaunti gani itapandisha. Video ni ya nani. Majina yatakaa aje kwa posta. Tunapiga sahihi, kila mtu anapiga picha na simu yake. Nliogopa wakubwa wataniona kaa sitaki kuwaamini. Wacha nikwambie, wa kwanza nlimwekea hio karatasi ndo alitulia kabisa. Alisema alikuwa amejipanga nikiona haya aiulize yeye. Wasee wa kitambo wameumwa mara mingi kutushinda.

Kurudia text ni sawa mara moja, baada ya wiki mbili hivi, na iwe fupi. Zaidi ya hapo unakuwa kaa wale wa mkopo wa simu. Na akikataa, usimpost. Nimeona msee akibandika skrinshoti ya kukataliwa ati wakubwa wana roho mbaya, akapata laiki mingi siku hio, na tangu hapo hakuna produsa wa Buru humfungulia mlango. Jiji ni ndogo. Wasanii wanaongea, mameneja wanaongea, na baunsa ndo wanaongea kushinda wote.

Sasa mtaniuliza, na yule wa Westi je, wa bluutiki. Nlimaliza ngoma, nikaacha mistari nane, nikampitishia kupitia DJ wake. Akaskiza. Akajibu mwenyewe, kwa voisi ya sekunde kumi na moja: ngoma ni poa, lakini hio shimo haina sauti yangu, hapo weka dem. Nlikasirika kaa siku mbili. Halafu nikaskiza tena, usiku, kwa keja, taa zimepotea, nikaona hio shimo kweli nlikuwa nimeichonga kwa jina lake na si kwa sauti yake. Tukatafuta dem mmoja wa Jericho mwenye huimba kwaya, hajawahi ingia studio. Alikam na siste yake mkubwa na chupa ya maji moto. Alimaliza hio mistari mara mbili tu, ya pili tukaichukua. Karatasi yake inasoma asilimia ishirini na tano.

Ngoma ilitoka mwezi uliopita. Imechezwa mara mbili usiku kwa redio, nlisikia moja nikiwa kwa mat ile ile ya Umoja. Yule mkubwa hajasema kitu, lakini ameifollow akaunti ya huyo dem, mi bado.

Saa hii niko na demo ingine. Dakika mbili na sekunde hamsini, mwendo wa pole, na kuanzia 1:40 ni biti tupu. Safari hii nataka mzee, sauti imekwaruza kaa ya msee amepiga makelele ya manamba miaka ishirini. Kama unamjua, mlete Buru Jumatatu kabla ya saa nne. Nauli yake nitatuma.